Ardhi Ilipomshika Wakili

Asubuhi ya Eke, siku ya soko, Ukaegbu alikuwa amechuchumaa kwenye njia panda ya Umuozara, anaziba pancha ya pikipiki ya muuza mkate. Marehemu mkewe, Nwugo, akapanda kutoka korongoni na udongo mwekundu kwenye kilemba, akasimama kando ya beseni la maji.

"Umekula, Baba Olanma?"

"Bado. Naona na wewe umeamshwa."

"Ukuta wa jiko umeanguka, nami nikaanguka nao."

Nwugo alizikwa nyuma ya jiko, kwa kuwa kule mke huzikwa ndani ya ua wa mumewe na si pengine. Korongo lilikuwa limekula migomba, likala choo, na sasa limefika kaburini. Wala hakuwa wa kwanza. Mzee Okoroji alirudi tangu mwanzo wa kiangazi na alishaanza kugombana na wanawe juu ya kiti chake. Muuza mkate alimsalimu Nwugo, akamuuliza kama huko chini kuna baridi, kisha akalalamika kwamba anacheleweshwa.

Nwugo akaenda nyumbani, akapika supu ya majani machungu, akajilaza kitandani pake pa zamani. Usingizi haukuja. Mumewe aliporudi alimkuta ameketi anajikanda magoti.

"Kitanda si cha mtu aliyekufa," akasema. "Nimechoka, Baba Olanma. Nizike tena."

Ukaegbu akatoka kutazama ua. Kilichobaki ni kipande cha mbele, chini ya mti wa udara. Kaburi lingetosha. Lakini mvua zikianza, maji ya barabarani yangekuja na hapo pia.

"Nikikuweka pale leo, mwakani utarudi."

"Basi yageuzwe maji kwanza," akasema Nwugo, kama mtu anayeomba mlango ufungwe.

Maji hayo yalikuwa na mwenyewe. Kampuni iliyojenga barabara kuu ilivuta mtaro mpaka mgongoni mwa kijiji, ikauachia hapo, kama jirani anayemwaga maji machafu mlangoni pako. Kijiji kikamwendea Anyaoha, wakili kijana, mtoto wa pale pale. Akavaa wigi jeupe na joho jeusi kwenye joto lile, akaishtaki kampuni, akashinda. Vijana wakambeba mabegani. Halafu akaingia na wakubwa wa kampuni kwenye chumba cha kiyoyozi, wazungumze namna ya kuitekeleza hukumu. Alipotoka walikuwa marafiki. Gari lake la kwanza la kampeni lilikuwa la kampuni. Mtaro ulibaki ulipokuwa.

Akagombea Bunge la jimbo. Alileta mchele, akaleta vitenge vyenye sura yake, na fundi alivichapa vibaya hivi kwamba mwanamke akiketi, anaikalia ile sura. Akaleta pia jiwe la msingi lenye jina lake kwa rangi ya dhahabu, akaliweka ukingoni mwa korongo. "Hapa," akasema, "ndipo maji yatakapogeuzwa." Akashinda. Mvua ikaja ikalichukua jiwe. Kampeni ya pili akaleta jiwe jingine. Kampeni ya tatu jingine tena, na jina limekuwa kubwa zaidi.

Ni katika kipindi chake cha pili Nwugo alipougua tumbo. Korongo lilikuwa limekata njia ya hospitali. Wanaume wakamlaza juu ya mlango waliong'oa, wakazunguka naye kupitia kijitoni, na alifia kijitoni. Wakili alikuja mazikoni na mpiga picha.

"Na yale mawe yake?" Ukaegbu alimuuliza mkewe siku moja wakila.

"Yapo chini. Yalipofika matatu tukapanga mafiga. Chungu kinatulia vizuri, hapo sina la kumlaumu."

Lililomuudhi Nwugo lilikuwa jingine. Kila kampeni Wakili alipewa kola, ile kokwa chungu ya kumpokelea mgeni, aiombee mbele ya wazee, na kila mara aliiombea kwa Kiingereza. Kola haisikii Kiingereza. Hilo hata mtoto wa kunyonya wa Umuozara analijua. Lakini mchele huwa umeshagawiwa, na wazee walitazamana wakasema pengine kola za siku hizi zimesoma.

"Hajawahi kutuahidi chochote," akasema Nwugo. "Alikuwa anaongea na upepo. Mwapisheni kwa lugha yetu, mwone."

Kampeni ya nne ilikuja kiangazi kinaisha. Turubai lilitandazwa uwanja wa soko, jiwe la nne likafunuliwa kabla ya kupelekwa ukingoni. Waliofukuliwa na korongo walipewa viti vya mbele, kwa heshima ya umri wao. Mpambe wa Wakili, kijana wa miwani myeusi, aliwagawia vitenge na wao. Wakili akapokea sahani ya kola, akakohoa, akaanza Kiingereza chake.

Ukaegbu akasimama. "Mheshimiwa, samahani. Safari hii sema na kola kwa lugha inayoisikia."

"Mzee, kaa chini," mpambe akasema. "Umekunywa nini asubuhi yote hii?"

"Nimekunywa ahadi, mwanangu. Imenikaba hapa."

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti, "Na maji ya kushushia yanakuja korongoni mvua zikianza!" Mzee Okoroji, aliyekuwa amekufa miaka mingi na hakuwa na wa kumwogopa, akagonga fimbo chini. "Aseme! Au Kiigbo alikiuza pamoja na ile kesi?"

Kamera zilikuwa zinatazama. Wakili akatabasamu, akashika kola, akasema kwa Kiigbo safi, kwa maana uongo wake haukuwa na lugha maalumu: "Mvua ya kwanza ikikuta kazi haijaanza, ardhi hii inishike."

Kola ikapasuliwa, ikapita, kila mtu akatafuna. Nwugo naye alitafuna. Siku ile alijikanda magoti kidogo tu, na Ukaegbu akaenda chini ya udara akachora kaburi kwa ncha ya jembe, ili apajue.

Siku ya kura wafu walikwenda kituoni, wakaambiwa wameshapiga. Majina yao yalikuwa yamempigia Wakili tangu asubuhi, kama kila uchaguzi. Akashinda.

Alirudi kutoa shukrani mawingu yakiwa yameshakusanyika. Hakuna jembe lililokuwa limegusa mtaro. Mpiga picha alichagua ua wa Ukaegbu, kwa sababu hapo korongo linaonekana vizuri, akamsimamisha Mheshimiwa chini ya udara, ndani kabisa ya mistari ya kaburi. Wakili alikuwa amefika kwenye maneno "watu wangu wapendwa" tone la kwanza lilipodondoka. Ardhi ikamshika vifundo vya miguu. Akaendelea kuongea. Alipofika kwenye elimu na afya ilikuwa magotini.

"Mheshimiwa, tumemaliza," mpambe akasema.

"Mimi pia," akasema Wakili, "lakini siwezi kuondoka."

Wakamvuta, akapiga kelele, wakamwacha. Mpambe akapiga simu. Kabla mvua haijakolea, katapila likaingia Umuozara, jipya, la njano, na mwanamume mnene kwenye usukani. Watu walisogea kuliangalia. Lilikuwa limeahidiwa tangu jiwe la kwanza.

"Kumbe lipo," Ukaegbu akamwambia dereva.

"Lipo siku zote, mzee wangu. Linalala ua wa kampuni, hapo mjini."

"Mtaro huo hapo nyuma yako. Ugeuze basi, ni kazi ya dakika chache."

"Mzee, mimi nimetumwa kumtoa Mheshimiwa. Nisogee huko, nije nimwambie nini bosi?"

"Mwambie umekuta watu."

Dereva akawasha mashine. Kwa kuwa ardhi ilikataa kumwachia Wakili, wakakata pande zima lililomzunguka, pana na refu kama kitanda, wakalinyanyua na yeye juu yake, wakaliweka kwenye lori. Aliwapungia mkono. Mpambe alimshikia mwavuli. Katapila likafuata nyuma, likaupita mtaro.

Mvua ikalikuta lile shimo, ikalifungulia korongo njia. Kabla giza halijaingia udara ulikuwa umeondoka, na chumba cha mbele, na kizingiti chake.

Wakili aliapishwa bungeni akiwa amesimama ndani ya udongo wa Umuozara, juu ya ubao wa magurudumu. Redio ikamsifu kwamba ndiye mtoto halisi wa ardhi. Wabunge wakamchagua kuwa spika, maana mtu ambaye miguu yake haiwezi kuhama haonekani kama atahama chama. Pande lile limeota nyasi. Limewekewa mtu wa kulimwagilia asubuhi na jioni, na maji hayo hayajawahi kumsumbua mtu.

"Kaburi langu limekuwa mbunge," akasema Nwugo, akakung'uta kilemba.

Ukaegbu alikusanya pampu, beseni na viraka vyake. Nyumba ilikuwa imebaki kitanda na ukuta mmoja. Akamshika mkewe mkono, wakateremka korongoni taratibu kwa sababu ya magoti yake. Chungu kilikuwa juu ya mafiga matatu, kinatokota. Jiwe la nne nalo lilikuwa limeshafika, limelala kando, halina kazi.

Nwugo akalivuta karibu na moto, akaligeuza upande wenye jina ukae juu, akalipangusa kwa kiganja.

"Kaa," akasema. "Umekula?"

Ukaegbu akaketi.