Mikono Mifupi ya Saizi Kubwa

Mashati yalirudishwa Jumanne asubuhi, birika la chai likiwa bado halijachemka. Mtunza stoo wa shule aliyaleta mwenyewe, robota sita zimefungwa kwa kamba zilezile zilizotoka nazo karakanani, akazishusha mlangoni bila maneno mengi. Alifungua moja, akachomoa shati jeupe, akamwomba msimamizi wa karakana alishike mabegani. Kisha akaunyoosha mkono wa shati juu ya mkono wake msimamizi. Ulikomea mbali sana na kifundo.

"Haya ni ya wanafunzi wakubwa," alisema. "Wale wadogo, yao ni sawa kabisa."

Msimamizi aliyeshikishwa shati lile alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne. Mafundi wote walimwita Bi Rula, kwa ajili ya rula ya chuma ambayo haikumtoka mkononi, na pia kwa namna alivyosimama. Jina hilo alilijua na wala halikumkera. Aliingia karakana ile akiwa binti wa kushona vifungo, akapanda hadi kwenye cherehani, kisha meza ya kukatia, na miaka mitatu nyuma akakabidhiwa ufunguo wa ofisi. Kwa kazi ya mikono hapakuwa na wa kumfikia. Kuhusu kazi ya kuongoza watu, hakuna aliyewahi kumwambia neno, la kheri wala la shari, naye akachukulia kwamba amefaulu.

Alimshukuru mtunza stoo, akamwahidi jibu kabla ya jua kutua, akaingia ofisini na kufungua droo. Karatasi ya vipimo ilikuwepo. Urefu wa mkono: saizi ndogo, sentimita arobaini na nane, saizi ya kati, hamsini na moja, saizi kubwa, arobaini na tano. Aliisoma mara tatu. Ilipaswa kuwa hamsini na nne. Tarakimu zilipinduana, na mwandiko ulikuwa wake, ile nne yake yenye mkia ambayo hata mumewe aliifanyia mzaha.

Akakaa. Mashati mia mbili na arobaini, mikono mia nne na themanini. Lakini kilichomkaa rohoni zaidi si hesabu hiyo. Ni kwamba saizi kubwa ilikuwa na mikono mifupi kuliko saizi ya kati, na mashati yale yalipita kwa mkataji, yakapita kwa washonaji, kwa mshona vifungo, kwa mpiga pasi, kwa wafungaji wa robota. Kitu kama kile hata mtu aliyepita njia angekiona.

Saa nne akafika mwenye karakana, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, ambaye wafanyakazi walimwita Tajiri mbele yake na nyuma yake. Alilitazama shati, akaguna, akauliza nani aliyekata. Akaambiwa ni Kaka Mkasi. Huyo alikuwa mkataji wao kwa miaka saba, mtu mrefu, mpole, ambaye ungeweza kufanya naye kazi wiki nzima ukamsikia akisema salamu na kwaheri tu.

"Basi huyo mwache aende," Tajiri alisema, kama anayeagiza taa izimwe. "Mtu asiyeona tofauti ya sentimita tisa hatufai."

Karatasi ilikuwa ndani ya droo, na droo ilikuwa imefungwa. Bi Rula alijua, na baadaye hakujificha kwamba alijua, kuwa angenyamaza tu jambo lingeishia pale. Kaka Mkasi asingejitetea. Hakuwa mtu wa kujitetea. Akavuta droo, akaiweka karatasi mezani.

"Amekata nilichoandika," alisema. "Kosa ni langu."

Tajiri aliitazama karatasi, akamtazama yeye, akaitazama tena karatasi. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba kitambaa cha akiba kipo stoo, mikono yote ifumuliwe na ishonwe mingine, shule ipate mashati yake katika siku kumi na mbili, na kwamba kosa la pili la namna hiyo hatalizungumzia kwa utulivu. Akaondoka, chai yake ikabaki mezani inapoa.

Ndipo Bi Rula alipotoka kuuliza. Hakuitisha mkutano, alipita meza kwa meza, shati mkononi.

Kaka Mkasi alijibu huku anainoa mikasi. Ndiyo, aliona tangu siku ya kwanza. Mbona hakusema? Akanyanyua mabega. Alidhani shule ndiyo iliyotaka hivyo. Kisha akaongeza kwamba hapana, hakudhani hivyo. Alidhani tu kwamba si kazi yake. Mshonaji wa mikono aliona pia, akajiambia mkataji bila shaka ameshauliza. Wafungaji waliona, wakacheka wao kwa wao. Kila mmoja aliona, na kila mmoja alimtupia jicho mwenzake akaendelea na kazi.

Aliyebaki ni Mama Pacha, mshona vifungo, mwanamke mfupi mwenye ulimi mwepesi kwa kila mtu isipokuwa msimamizi wake.

"Niliona, Dada," alisema. "Nikataka kuja. Kisha nikavikumbuka vile vifungo."

"Vifungo gani?"

Mama Pacha alimkazia macho kidogo kuona kama ni utani. Haukuwa utani. Bi Rula hakukumbuka chochote. Mama Pacha akainamia sindano yake, na ikabidi Mjomba, yule mpiga pasi ambaye hakuwa mjomba wa yeyote pale, aeleze.

Mwaka uliotangulia, alisema Mjomba, walikuwa wanashona makoti ya wauguzi. Mama Pacha alisimama akasema vifungo vilivyoletwa ni vya rangi tofauti kidogo na ya sampuli. Bi Rula alikuwa na haraka. Akamuuliza, mbele ya cherehani zote kumi na nane, kama ameajiriwa kushona vifungo au kumsimamia msimamizi. Watu wakaangua kicheko. Wiki iliyofuata vifungo vikabadilishwa kimyakimya, kwa kuwa kweli vilikuwa si vyenyewe, na hakuna aliyezungumza tena.

"Wewe ulikwisha sahau," Mjomba alisema, akiipuliza pasi. "Sisi ndio tuliokumbuka."

Bi Rula alirudi ofisini akafunga mlango, akasimama dirishani akitazama ukuta wa jirani. Alijaribu kuikumbuka siku ile, hata sura ya kifungo kimoja. Haikumjia. Hilo lilimuuma kuliko yote: kwamba neno lililomfunga mtu mdomo mwaka mzima, kwake yeye halikuacha hata vumbi.

Jioni alimsimulia mumewe, karani wa ofisi ya maji, mtu wa maneno machache na vikombe vingi vya chai. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama amemwomba Mama Pacha radhi. Bi Rula akasema atafanya hivyo, lakini kwanza atafute njia ya kuwafanya watu waseme. Mumewe akamtazama juu ya kikombe, akaonekana anataka kuongeza jambo, akanywa chai badala yake.

Njia ya kwanza aliyoipata ilikuwa sanduku la maoni. Alilinunua zuri, lenye kufuli, akalitundika karibu na mlango. Baada ya wiki akalifungua, akakuta ganda la peremende na kijikaratasi kinachouliza sanduku hili limewekwa la nini. Akalishusha. Njia ya pili ilikuwa mkutano wa Ijumaa. Aliwaambia mafundi wawe huru, waseme lolote, hakuna atakayeulizwa. Wakakaa wameinamisha vichwa kama watu msibani. Mwisho mmoja akasema kila kitu ni kizuri, wengine wakaitikia, wakarudi kwenye mikono ya mashati waliyokuwa wanaimalizia.

Siku hiyohiyo, watu wakijiandaa kutoka, alimwita Mama Pacha. Hakumwita ofisini. Alisimama palepale kati ya cherehani, mahali alipomtolea lile neno, akamwambia kwamba vifungo vilikuwa si vyenyewe, kwamba aliyeona alikuwa yeye, na kwamba alichojibiwa hakikustahili kujibiwa mtu. Alisema kwa sauti ya kawaida, inayosikika. Mama Pacha aliitikia kwa kichwa, akachukua mkoba wake. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyelia. Bi Rula alibaki akijiuliza kama amefanya kitu au amepoteza pumzi.

Mashati yalipelekwa siku ya kumi na moja. Shule ikayapokea, maisha yakaendelea, na karakana ikawa kimya kama zamani. Bi Rula alianza kuamini kwamba pengine kimya ndiyo tabia ya mahali pale, kama unyevu wa ukutani.

Mwezi mmoja baadaye walikuwa wanapakia magauni ya chumba cha upasuaji, yale ya kijani yanayofungwa mgongoni kwa kamba. Hospitali iliyahitaji kabla ya saa nane mchana. Gari lilikuwa mlangoni, robota ishirini zimo ndani tayari, dereva ameshawasha injini, na Bi Rula alikuwa anatia sahihi hati ya mzigo kwenye paja lake, maana meza ilikuwa imejaa. Mama Pacha akaja mbio, uzi bado umemning'inia begani.

"Dada, simamisha gari. Kamba za ndani zimekaa upande wa kushoto. Kwenye sampuli ziko kulia."

Shughuli ya uwanjani ilisimama. Neno likamjia Bi Rula mdomoni likiwa limekwisha iva, kali na la kuchekesha, lingewafaa watu wote waliokuwa pale kasoro mmoja. Alilimeza. Halikumezeka kirahisi. Aliwaona wafungaji wakimtazama, Mjomba amesimama na pasi hewani, Kaka Mkasi mlangoni na chaki sikioni.

Akamwambia dereva azime gari.

Walishusha robota zote ishirini. Dereva alilalamika, kisha akalalamika zaidi, kisha akaketi kwenye ngazi akala embe. Wakafungua, wakatandaza magauni juu ya meza ya kukatia, wakaleta sampuli. Kaka Mkasi akaigeuza huku na huku kwa vidole vyake virefu. Kisha akaipindua, ndani ikawa nje, na kila mtu akaona. Sampuli ilikuwa imetundikwa ndani nje tangu asubuhi. Magauni yalikuwa sawa. Kamba zilikuwa pale zinapotakiwa kuwa, mia mbili kwa mia mbili.

Saa nzima na nusu ilikuwa imepotea bure. Mama Pacha alikunja mikono kifuani, na uso wake ukafungwa kama duka.

Bi Rula alijua bila kuambiwa na mtu kwamba macho yote yale hayakuwa yanatazama magauni. Yalikuwa yanasubiri bei ya kukosea. Lile sanduku, ule mkutano, hata ile radhi ya Ijumaa, watu walikuwa wameviweka pembeni wakisubiri siku kama hii, siku ambayo mtu amesema na amekosea na kazi imechelewa.

"Ahsante, Mama Pacha," alisema. "Ukiona tena kitu, niite tena. Hata kama gari limefika kona."

Kisha akavua koti lake, akaanza kukunja magauni pamoja na wafungaji, na alipompigia simu mtu wa hospitali kumweleza kuchelewa, alisema walikuwa wanahakikisha kamba, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mtu wa hospitali akanung'unika. Dereva akafika hospitalini saa tisa na robo.

Halikutokea badiliko la ghafla. Siku tatu zikapita. Siku ya nne, Kaka Mkasi alibisha mlango wa ofisi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka saba, akasema, akiutazama mlango wenyewe, kwamba taa ya juu ya meza yake inacheza na inamuumiza macho tangu mvua za mwaka jana. Taa ikabadilishwa. Wiki iliyofuata wakaja wawili. Mwezi ulipokwisha walikuwa wanakuja kabla hajavua viatu vya njiani: uzi wa rangi ya bluu unakatika, cherehani ya saba inaruka mishono, nani kamwachia nani zamu ya kufagia, na kwamba yeye mwenyewe msimamizi huzungumza kwa simu kwa sauti ya juu mno. Hilo la mwisho lililetwa na Mama Pacha, mikono kiunoni. Mengine yalikuwa na maana, mengine yalikuwa upuuzi mtupu, na Bi Rula hakuwa na njia ya kujua lipi ni lipi bila kuyasikiliza yote. Kuna siku alitoka kazini masikio yamechoka kuliko miguu. Kuna siku mbili pia alijibu vibaya, akarudi kabla ya chakula cha mchana kurekebisha.

Tajiri alipopita akashangaa kelele. Alimuuliza kama hawa watu siku hizi hawana raha. Bi Rula akamwambia raha wanayo. Ila alimshauri azoee.

Jumapili moja alikuwa ameketi na mumewe mlangoni, nguo zilizoanuliwa zimejaa kapuni kati yao, akimlalamikia jinsi watu thelathini wanavyoweza kumweleza mtu mmoja makosa yake kwa wiki moja. Mumewe alicheka, akaweka kikombe chini.

"Kwa kuwa sasa unasikiliza," alisema, "mashati yangu huwa nayakunja vizuri, na wewe kila mara unayakunja upya. Miaka kumi na minne, mke wangu."

Bi Rula alimtazama. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, akamsogezea kapu lote.