Sahani ya Sita

Siku ya tatu baada ya Krismasi, kijiji chetu huvaa mabuti na kwenda kutembea. Mimi napenda kutembea. Napenda mashamba yakiwa tambarare na meupe kwa theluji, mitaro imeganda, upepo unakuchapa uso mpaka machozi yanatoka. Miaka thelathini na mmoja, mimi na mume wangu Onno tulitembea hivyo kila sikukuu, wawili tu, bila maneno mengi. Ninachochukia ni matembezi ya kwenda kula sukuma wiki, na mwaka huu mwenyeji wake nilikuwa mimi.

Watu ishirini na kitu hukokota mkokoteni uliojaa chupa. Kila njia panda wanasimama, wanakunywa, wanaendelea. Mwisho wa njia ni mkahawa, na mkahawani ni sukuma iliyochemshwa na mafuta ya nguruwe tangu asubuhi mpaka imekuwa nyeusi, na soseji nene ambazo ukizitoboa zinakurukia. Atakayemaliza sahani nyingi kuliko wote huvishwa taya la nguruwe lenye utepe, anaitwa mfalme, na matembezi ya mwaka unaofuata ni mzigo wake. Watu wazima hao, wenye wajukuu.

Mwaka jana mfalme alikuwa mume wangu. Daktari alishamwonya kuhusu moyo wake. Alipofika sahani ya tano alitaka kuacha, lakini Gerold, rafiki yake tangu shule na mwenyeji wa mwaka huo, alimpakulia ya sita kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia, "Usituaibishe, bwana." Asubuhi yake nilimkuta Onno amekufa kitandani. Mla nawe hafi nawe, wahenga walisema. Gerold alikuja mazikoni akiwa na koti jipya.

Mwezi wa kumi na moja alikuja Uwe, mwenyekiti wa kamati, akakaa jikoni kwangu bila kuvua kofia.

"Hilke, mfalme akifariki, malkia anashika zamu. Desturi ni desturi."

"Desturi ya kushindiliana chakula kama nguruwe?"

"Haya, usitutukane. Kama huwezi, sema."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikatae. Kisha nikakumbuka kwamba anayepakua ni mwenyeji. Nikakumbuka pia kwamba Gerold mwenyewe alipasuliwa moyo kiangazi kilichopita. Nikakubali. Nasema wazi, sijifichi: nilitaka kumlisha Gerold kama alivyomlisha mume wangu, na liwalo na liwe.

Basi tukatembea. Katika kituo cha kwanza walishindana kurusha vifuko vya majani ya chai vilivyolowa, kwa meno. Unauma uzi, unatikisa kichwa, unatupa, na mate yanafuata. Baadaye wanaume walijipanga kando ya mtaro na kuacha mashimo ya njano kwenye theluji safi, huku wakisifiana. Uwe alikunywa pombe kali kwenye kijiko, akakilamba, akanipa mimi.

"Kunywa, malkia!"

"Kunywa mwenyewe, na mate yako."

Gerold alikokota mkokoteni peke yake njia nzima. Hakucheza, hakuimba.

"Upepo mkali leo, shemeji," aliniambia mara moja.

"Upepo upo kila mwaka," nikamjibu, nikapita mbele.

Mkahawani kulinuka makoti mabichi na mafuta. Nikafunga aproni, nikashika upawa. Sijawahi kuona vinywa vingi namna ile. Mafuta yalitiririka kwenye videvu, watu walicheua na kucheka, mmoja alichomoa ngozi ya soseji katikati ya meno akaitazama kabla ya kuirudisha mdomoni. Lakini kila sahani ya Gerold niliitengeneza kwa makini, nikichagua vipande vyenye mafuta mengi.

Kufikia sahani ya tano wengine wote walikuwa wameshaweka uma chini. Uwe akapanda juu ya kiti.

"Gerold! Mfalme wa mwaka jana alifika sahani sita! Sahani ya sita, na taji ni lako!"

Wakaanza kupiga meza. Gerold alikuwa na rangi ya majivu, jasho linamdondoka kwenye sahani. Nilimwonea kinyaa. Na chini ya kile kinyaa kulikuwa na furaha, na hiyo furaha ndiyo iliyokuwa chafu kuliko kitu chochote kwenye ukumbi ule. Nikampelekea ya sita.

Aliitazama. "Ongeza soseji moja, shemeji," alisema kwa sauti ya chini.

"Unasemaje?"

"Umeweka mbili. Mimi nilimwekea Onno tatu." Hakuinua uso. "Uliponialika nilijua. Vidonge vyangu nimeviacha nyumbani. Niwekee tu."

Nilishtuka kuona mkono wangu tayari umeshafika kwenye chungu. Soseji ya tatu ilikuwa juu ya upawa, inavuja. Sikuiweka mimi kwa kufikiri, lakini ilikuwepo.

Nikaitupa chini pamoja na upawa. Nikamshika Gerold ukosi wa shati, nikamwinua.

"We Hilke, unaharibu mchezo!" Uwe alipiga kelele.

"Kimya, mlafi mkubwa! Piga simu, daktari aje sasa hivi!"

Nilimburuta mpaka nje, nyuma ya mkahawa. Akaegemea ukuta, akatapika: sukuma nyeusi, mafuta, pombe, vyote juu ya theluji na juu ya mabuti yangu. Kulinuka nami nikageuza uso. Kisha nikarudi nikamshika paji la uso kama ashikwavyo mtoto. Lilikuwa limelowa, na mwili ulinisisimka kwa kinyaa, lakini sikuliachia.

"Nisamehe, shemeji," alisema alipopata pumzi.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Na mimi nilikuwa nachagua mafuta. Kila sahani."

"Nilionja," akasema, akaanza kuteleza ukutani. Nikamkumbatia kiunoni asianguke.

"Basi tapika, Gerold. Tapika yote. Nilikupakulia mengi."