Tope la Baba Cleopa

Mume wangu, Baba Cleopa, ana kichwa kigumu. Akitafuta mchanga wenye dhahabu, aliuchimba ukingo wa mto kwa chini, akazama ndani kama mnyama muhanga achimbapo shimo lake, wakati juu yake tembo wa Mikumi walishapita wakaacha ufa. Nilimwambia atoke, akacheka.

Mimi nilikuwa upande wa chini, nyuma ya kona ya mto, naosha mchanga kwenye karai. Simwoni. Ila akichimba, maji yananijia mekundu kwa tope, nami nafoka, "Baba Cleopa, unanichafulia maji!" Nafoka tu, lakini macho hayabanduki kwenye lile tope. Likija, najua yuko mzima.

Mara kikasikika kishindo. Maji yakaja mazito kama uji. Nikafoka tena.

Halafu yakaanza kusafika. Yakasafika mpaka nikaviona vidole vyangu vya miguu, na kwenye karai zikang'aa punje za dhahabu ambazo siku zote tope lilikuwa likinificha.

Karai likaniponyoka.

"Baba Cleopa!" nikaita, nikikimbilia kule juu. "Nichafulie maji, baba! Nichafulie!"