Paji la Mama Yake

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Dodoma yakaanza kujaa sabuni za kila rangi, Mama Lulu alifungua saluni ya kalikiti, ile dawa ya kulegeza nywele, karibu na soko, na Yasinta akawa fundi wake. Mikono alikuwa nayo. Wake za wakubwa waliokuja na Bunge walimgombania, wakamsifu yeye na nywele zake zilizomwagika hadi kwenye nyusi, naye akazipokea sifa hizo kwa njaa. Binti mzima, kavikwa kilemba cha ukoka na bado anaomba kikazwe!

Maana chini ya nywele zile palikuwa na ndonya, alama ya duara ambayo Wagogo huchanja katikati ya paji la uso. Yasinta alichanjwa utotoni huko Zuzu, amepakatwa na mama yake. Siku yake ya kwanza kazini mteja mmoja alitania, "Wagogo bwana! Alama usoni, bakuli la kuombea mkononi." Saluni nzima ikaangua kicheko, na Yasinta naye akacheka. Alipoulizwa kwao ni wapi, akajibu Morogoro.

Mkataa kwao ni mtumwa, twasema haraka haraka. Hatusemi mtumwa huyo analalaje. Kila asubuhi kabla ya wateja Yasinta alisimama mbele ya kioo, akazichana nywele kwa nyuma. Leo naziacha hivi hivi, alijiambia, hili ndilo paji langu. Mlango ukilia tu, mkono ulishazishusha. Alijichukia, na kujichukia hakukumsaidia kitu. Zuzu si mbali, na treni inapita, lakini hata Krismasi hakwenda.

Jumamosi moja, saluni imejaa, mama yake, Mama Emilia, akaingia.

Mama Emilia wa Zuzu akibisha, "Mbukwenyi!" yake, salamu ya Kigogo, husikika nyumba ya tatu, na hata kanisani kitambaa chake hukifunga nyuma, paji na ndonya yake wazi. Siku hiyo alibisha hodi ya Kiswahili kwa sauti ndogo, kapu la karanga mkononi. Kitambaa alikuwa amekishusha mpaka kwenye nyusi.

Yasinta akaelewa. Binamu yake Mazengo, muuza karanga pale sokoni, alikuwa ameyasikia ya Morogoro akayafikisha nyumbani.

"Shikamoo mama, karibu," alisema Mama Lulu. "Umetokea wapi?"

Yasinta alikuwa na kitana mkononi. Maneno yenyewe yalikuwa machache: huyu ni mama yangu, kwetu Zuzu. Akafungua kinywa. Akamtazama mama yake kama mtoto aliyeanguka.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mama Emilia, akichagua maneno. "Mimi mama yake huyu. Natoka Morogoro."

"Ndiyo maana mmefanana!" wateja wakashangilia. "Uzuri wote kumbe umetoka kwa mama!"

Sifa zile zilimchoma Yasinta. Alimwendea mama yake, akashika fundo la kitambaa kisogoni.

"Mama, kivue," alinong'ona.

"Acha, mwanangu. Watakucheka."

Mkono ulibaki pale pale kwenye fundo, na haukufungua. Nyuma yake mteja akapiga kelele kwamba dawa inamuunguza kichwa, ikambidi aende kumsuuza. Alipogeuka, mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, anajitazama kiooni, anakishusha kitambaa zaidi kidogo.