Mwendo Ambao Kaseti Haikuuhifadhi

Habiba aliposikia wimbo ule mara ya kwanza aliutua ungo chini, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hao ni kuku wanaokimbizwa na kicheche, siyo Abdulaziz. Akarudi kupeta mchele wake. Hakuwa na nia mbaya. Habiba ni mwanamke wa Mohoro, na watu wa kwao ukiwauliza jambo wanakujibu ulilouliza, hawakupambii.

Aliyeumia ni binti yake, Muzdalifa, aliyekuwa amekaa kibarazani, simu mkononi na spika ndogo miguuni. Abdulaziz alikuwa baba yake. Alifariki Muzdalifa akiwa na miaka mitatu, akamwachia picha moja ya pasipoti iliyoliwa na unyevu, na kaseti moja isiyo na maandishi yoyote. Sauti yake hakuna aliyeirekodi. Kama kulikuwa na mahali popote ambapo Muzdalifa angeweza kumsikia baba yake akifanya jambo, basi ni ndani ya kaseti ile. Na mtu pekee aliyebaki wa kumwambia kwamba kilichomo ni kazi ya baba yake, si ya mtu mwingine, alikuwa huyu anayepeta mchele.

Maana alikuwepo huyo mtu mwingine. Mwishoni mwa miaka ya themanini ulikuja mradi wa mpunga Mohoro, na pamoja nao mtaalamu wa kigeni mwenye kompyuta ya nyumbani, ile ya zamani ambayo ni kibodi nene tu, unaichomeka kwenye televisheni na kazi zako unazihifadhi kwenye kaseti kama za taarabu. Mkataba ulipokwisha mtaalamu aliondoka, kompyuta ikabaki. Wakubwa wa mradi hawakujua waiweke wapi, ikaangukia kwa Abdulaziz, kijana aliyeendesha mashine ya kukoboa mpunga. Akakisoma kitabu chake kwa kamusi, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka siku moja kompyuta ikaimba. Hilo Mohoro nzima inalikumbuka. Iliimba nini, hapo ndipo kila mtu ana lake. Kompyuta yenyewe ilichukuliwa na mafuriko. Kaseti ilibaki sandukuni kwa Habiba, ndani ya kopo la maziwa ya unga, na hakuna aliyeweza kuapa kama ni ya Abdulaziz au ya mtaalamu.

Muzdalifa anaishi Kibiti na mama yake, na ana kibanda mjini, kando ya barabara ya kusini. Anatengeneza simu, anachapa barua za kuomba kazi na kadi za mwaliko. Hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Inayomkosesha usingizi ni nyingine: programu ya kupigia muziki wa kompyuta za zamani, ambayo yeye na watu saba waliotawanyika duniani wanaitunza bila malipo. Hawajawahi kuonana hata mara moja, lakini wanagombana kila wiki. Mteja mmoja aliyeukuta muziki huo ukilia kibandani aliuliza kwa upole kama redio imeingia maji.

Kwa programu hiyo aliisoma kaseti ya kwenye kopo. Milio yake ya kukwaruza ilipogeuzwa kuwa maandishi ya kompyuta, wimbo ukatoka mzima. Ndipo mama yake akasema kuku.

Basi kwa nini kuku? Muzdalifa aliondoka na swali hilo, na akishashika swali huyo binti hashikiki. Wimbo wa kompyuta za zamani si sauti iliyorekodiwa. Ni maagizo: piga sauti hii, ngoja mapigo sita, piga ile, ngoja mapigo manne. Maagizo hayasemi pigo moja ni refu kiasi gani. Pigo lilitolewa na mashine yenyewe, kila skrini ilipochorwa upya, na mashine zilitofautiana. Zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani zilipiga mara sitini kwa sekunde, za Ulaya mara hamsini. Programu yao ilijua sitini peke yake, kwa sababu aliyeianzisha alikuwa Mmarekani na hakuwahi kuona sababu ya kujua nyingine.

Muzdalifa akaandika chaguo jipya: chagua sitini, au chagua hamsini. Kazi ya jioni mbili. Wenzake saba walibishana siku kumi kuhusu mahali pa kuliweka kwenye skrini, halafu wakalikubali. Mtaalamu alikuwa ametoka Ulaya, kwa hiyo hamsini ndiyo. Akafunga kibanda mapema, akaenda nyumbani, akambusu mama yake mkono, akabonyeza.

Habiba alisikiliza. Safari hii hata uso ulilegea kidogo.

"Sauti ni zenyewe," alisema. "Mwendo sio."

"Sio kwa vipi, mama?"

"Huyu ana haraka. Baba yako hakuwa na haraka."

Akaongeza kwamba mwendo huo huenda ni wa yule mzungu, maana yeye alitembea kama anayefukuzwa. Muzdalifa alijikaza asilie mbele ya mama mtu, akaenda kulia chooni. Nani asingelia? Ametafuta baba miaka thelathini, amempata, na mjane wake anasema si yeye.

Lakini machozi hayakumzuia kufikiri, na hapo ndipo ninapompendea. Mama kasema sauti ni zenyewe. Kama sauti ni zenyewe, basi kosa liko kwenye mwendo tu, na mwendo unatoka kwenye pigo. Akarudi kwenye maagizo ya kaseti, akayasoma moja moja, jambo ambalo angelifanya tangu mwanzo kama asingejiona anajua. Akakuta kitu cha ajabu. Wimbo huu haukungoja pigo la skrini kama nyimbo nyingine. Kompyuta ile ilikuwa pia na saa ndogo iliyohesabu mawimbi ya umeme unaotoka ukutani, na aliyeandika wimbo aliufunga kwenye saa hiyo. Umeme ukienda kasi, wimbo unakimbia. Umeme ukilegea, wimbo unalegea nao.

Akainua macho. Mohoro ya miaka ile ilikuwa na umeme wa ukutani gani?

Jumamosi alipanda gari la kusini, akavuka daraja, akashukia njia panda, akachukua bodaboda mpaka Mohoro. Alikuwa anamtafuta Mzee Saidy Mtoro, aliyekoboa mpunga pamoja na baba yake. Alimkuta anashona kiatu chake mwenyewe. Alimwamkia shikamoo, akaulizwa habari za mama, za Kibiti, za mvua, na kama ameolewa. Alijibu zote, ya mwisho kwa kifupi. Kisha akauliza kuhusu umeme.

Mzee Saidy alicheka. Umeme ulikuwa jenereta, alisema, palepale kwenye banda la kukoboa. Mpunga ukiingia kwenye mashine, jenereta linakoroma, taa zinafifia, na televisheni ya kompyuta inatetemeka kama ina homa. Kwa hiyo Abdulaziz alifanya mambo yake ya kompyuta siku za Ijumaa baada ya swala, mashine ikiwa imelala. Muzdalifa akauliza lilikwenda kasi gani, akifungua daftari tayari kuandika tarakimu. Mzee akamtazama kama anayemhurumia. Kasi ilikuwa haina tarakimu, alisema. Springi ya kuzuia mwendo ilikatika mwaka wa kwanza na nyingine haikuja. Mkono wa mafuta ulikuwa lazima ushikwe na mtu. Mtu akiuvuta, jenereta linakimbia, akiulegeza, linatambaa.

"Aliushika nani hizo Ijumaa?"

"Mimi sikuwepo. Ijumaa nilikuwa Nyamisati kwa mke mdogo." Akavuta uzi wa kiatu. "Abdulaziz hakuweza kushika mkono wa mafuta na kuchezea kompyuta kwa wakati mmoja. Alikuwepo mtu. Lakini banda alilifunga, na mimi si mtu wa kuchungulia."

Alirudi Kibiti amechoka na amenuna. Kwa hiyo hata akikisia, hatapatia. Si hamsini wala sitini, wala tarakimu yoyote ambayo mtu aliiandika popote. Ilikuwa mkono wa mtu asiyejulikana, huenda kibarua aliyekwishakufa. Aliwaandikia wenzake saba kwamba chaguo la mwendo halitoshi. Mmoja alimjibu kwamba nyimbo zilizofungwa kwenye umeme wa jenereta la mpunga hazizidi moja duniani. Ni kweli, lakini hiyo moja ilikuwa ya kwake.

Jumapili ile alikaa akaongeza kitu cha tatu: mstari kwenye skrini na kitufe cha duara cha kusogeza kwa kidole. Kushoto wimbo unapunguza mwendo, kulia unaongeza, na tarakimu yake inasomeka juu. Hakujua kitufe kiwekwe kwenye tarakimu gani. Aliona tu kwamba kama yeye hajui, basi ampe anayekumbuka, achague kwa sikio. Kuuliza si ujinga, na alikuwa ameuliza kila mtu mpaka Mohoro kasoro mama yake, ambaye yeye alikuwa anamletea majibu tu ili ayahukumu.

Alimweleza taratibu. Hapa polepole, hapa haraka. Habiba alipangusa kidole kwenye kanga, akakiweka juu ya kitufe. Wimbo ukaanza kwa hamsini. Akausogeza kushoto. Arobaini na saba. Arobaini na tano. Arobaini na tatu, na hapo akatulia, na Muzdalifa akashika kalamu.

Lakini kidole hakikutulia. Wimbo ulipofika mwisho wa mstari wa kwanza, Habiba alikirudisha nyuma zaidi, mpaka arobaini kasoro, wimbo ukabaki umeinama kama unasikiliza kitu. Kisha akausukuma mbele tena. Mstari wa pili, vivyo hivyo. Hakuwa anatafuta. Kidole kilikuwa kinakwenda mahali kinapopajua, na macho ya mama yalikuwa ukutani, si kwenye simu. Mstari wa tatu alianza kuimba.

Ulikuwa wimbo wa kuamia ndege. Mpunga ukianza kutia maziwa watu wa bondeni huhamia mashambani, wanakaa juu ya madungu, vibanda vyao virefu vya miti, wakiwafukuza ndege mchana kutwa, na wanawake huimbiana kutoka dungu hadi dungu. Mmoja anaita, kisha ananyamaza, sauti ivuke mpunga, imfikie mwenzake, na jibu lirudi. Huwezi kuita tena kabla jibu halijafika. Hapo ndipo mwendo ulipokuwa unainama.

"Ndege wa mto, shukeni kwa jirani," Habiba aliimba, akarudisha kidole nyuma, akangoja. Hakuna aliyejibu. Akaendelea, "Kwangu kuna mtu ameniteka macho."

Wimbo ulipokwisha Muzdalifa alikuwa bado ameshika kalamu, na hakuwa ameandika kitu.

"Ni wewe," alisema. "Ulikuwa wewe bandani."

Habiba aliondoa kidole kwenye skrini, akakitazama. "Tulikuwa hatujaoana," alisema. "Ningekuambiaje? Mama yangu alijua niko dunguni naamia. Dungu letu lilikuwa karibu na banda. Mpunga wa baba mwaka ule uliliwa na ndege mpaka watu wakadhani tumerogwa."

Na hapo akacheka, mwanamke wa miaka hamsini na tano, akicheka huku ameziba mdomo kwa kanga, na Muzdalifa akaona msichana aliyeacha ndege wale ili ashike mkono wa jenereta. Mambo mengine yalitoka kidogo kidogo. Abdulaziz alikuwa ameshindwa kuuandika ule mngojeo. Aliongeza mapigo, akapunguza, kila mara ukatoka mgumu, kwa sababu jibu la dungu la pili halina urefu mmoja. Linategemea upepo, linategemea na mwenzako ana usingizi kiasi gani. Mwisho akauhamisha wimbo kutoka kwenye skrini, akaufunga kwenye umeme, akamwambia Habiba: mimi nitaandika sauti, mwendo shika wewe, unaujua kuliko mimi. Akashika, Ijumaa baada ya Ijumaa, mkono mmoja kwenye mafuta, akiimba juu ya kelele za jenereta, mpaka posa ikapelekwa.

"Basi ni yeye," Muzdalifa alisema. Alitaka asikie.

"Ni yeye. Tangu mwanzo ni yeye. Mimi ndiye sikuwamo."

Muzdalifa alilia, safari hii kibarazani, wala hakujificha. Alikuwa na furaha na alikuwa na uchungu, na aliona aibu kidogo kwamba aliondoka mpaka Mohoro kutafuta kilichokuwa kinapeta mchele nyumbani kwake.

Kesho yake alibadilisha programu mara ya tatu. Juu ya sitini na hamsini, na juu ya mstari wa kusogeza, aliongeza uwezo wa kuhifadhi jinsi kidole kilivyosogea, kuanzia pigo la kwanza hadi la mwisho, ili mwendo uliopigwa na mtu uweze kupigwa tena vile vile. Wenzake saba waliuliza nani angehitaji kitu kama hicho. Aliwajibu kwamba ni mtu mmoja, wakakubali bila kubishana, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Jioni akampelekea Habiba simu ili amrekodi. Habiba aliweka kidole, wimbo ukaanza, akaita mstari wa kwanza, akarudisha kidole nyuma, akangoja. Mngojeo ukawa mrefu. Muzdalifa alitazama tarakimu zikishuka, arobaini, thelathini na nane, akaelewa kwamba mama yake hana haraka na hataendelea mpaka ajibiwe, na kwamba dungu la pili halina mtu tangu zamani. Jibu la wimbo hakuwahi kufundishwa. Maneno alikuwa ameyasikia mara moja tu, jana.

Akaweka simu chini vizuri, akajibu.