Mita Kumi na Tatu

Mkono wangu haujawahi kukosa nguvu. Mwizi, yaani mkimbiaji anayetaka kuiba kituo, akichomoka kuelekea kituo cha pili, mimi niliyechuchumaa nyuma ya mpigaji ninaufikisha mpira huko kabla yake, naye anatoka. Kila anayecheza softiboli hapa Miyazaki analijua hilo. Wasichokijua ni kwamba tangu mwezi wa tano siwezi kumrudishia mrushaji wetu mpira taratibu, mita kumi na tatu tu, kazi ambayo hata bibi yangu angeiweza huku ameshika kikombe cha chai.

Ilianzia mazoezini. Nilimtupia Tokie, mrushaji wetu, mpira akiwa ameinamia kiatu chake, nikamvunja jino la mbele. Yeye alicheka, damu mdomoni. Mimi sikucheka. Toka siku hiyo nikitaka kurusha kwa upole vidole vinagoma, au vinaachia mapema, na mpira unakwenda unakojua wenyewe. Kwetu mwalimu akikuuliza kama unaweza, unajibu "Ndiyo!" tena kwa kupaza sauti, kwa hiyo Mwalimu Hidaka hakujua lolote. Tokie alijua. Alinifichia kwa kusogea mbele na kuupokea mpira mkononi mwangu.

Sasa ni robo fainali, raundi ya sita kati ya saba, tunaongoza moja bila. Wapinzani wameshatolewa wawili, wa tatu akitoka zamu yao inaisha, lakini wana mkimbiaji kituo cha tatu, msichana mfupi mwenye mdomo. Nikiharibu mpira mmoja tu wa kurudisha, anaingia kituo cha nyumbani na kusawazisha. Tukifungwa leo Tokie ndiyo basi, maana yuko mwaka wa tatu, wa mwisho shuleni, na hana mashindano mengine.

Nikaupeleka mpira kwa miguu. Mrusho wa pili, nikaupeleka tena. Mwamuzi akavua barakoa yake.

"Binti, tupa mpira. Ukitembea tena nakuadhibu."

"Mdakaji wenu kapewa miguu, kanyimwa mkono!" mkimbiaji akapiga kelele. Benchi lao likaangua kicheko. "Mnunulieni baiskeli!"

Wamegundua. Tokie akaomba muda, akaja mpaka nilipo.

"Dada Tokie, siwezi. Kweli siwezi."

"Huwezi kutupa taratibu. Nani kasema utupe taratibu? Nitupie kama unavyowatupia wezi."

"Mita kumi na tatu? Nitakuua!"

"Jino lilishatoka, Chizuru, unaogopa nini tena? Tupa, bwana."

Mrusho uliofuata ulipita nje ya shabaha, nikaudaka. Nikasimama, sikufikiri, nikaachia kwa nguvu zangu zote. Glovu yake ikalia paa! Mkimbiaji, aliyekuwa ameshachukua hatua mbili, akarudi kituoni mbio kama kaona nyoka. Nikatupa hivyo mara tatu. Mara ya tatu niliona Tokie amebana midomo na kufumba macho kidogo. Kisha akarusha mpira wa mwisho, mpigaji akachapa hewa, akatoka.

Wenzangu walinipiga mabega wakishangilia. Mimi nilikuwa namtazama Tokie. Alikaa pembeni akinywa chai ya shayiri kwa mkono wa kulia, glovu hajaivua. Nikaenda nikaivuta. Dole gumba lilikuwa limevimba, rangi ya biringanya.

"Rudisha glovu," akaninong'oneza. "Wamebakiwa na raundi moja tu."

Mwalimu Hidaka akageuka. "Tokie! Unaweza?"

"Ndiyo!"

"Muongo, mwalimu!" Sikujua kama ile ni sauti yangu. "Nimemuumiza mimi. Siwezi kumrudishia mpira kama watu, tangu mwezi wa tano siwezi. Nitoe mimi, umweke Misuzu."

Mwalimu akamwashiria Misuzu ajiandae. Nadhani hakuwahi kujibiwa hivyo maisha yake yote.

"Mpumbavu wewe!" Tokie akanifokea, machozi yanamlenga. "Misuzu hana mkono! Wataiba vituo vyote!"

Alisema kweli. Misuzu, mdakaji wetu wa akiba, ni wa mwaka wa kwanza, na mpira wake ukifika kituo cha pili umeshachoka. Huenda nilikuwa naumaliza msimu wa Tokie kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini lile dole nilikuwa nimeshaliona. Nikaanza kufungua kinga za miguu, nikamvalisha Misuzu. Tokie akafungwa bandeji. Angeweza kumalizia, kwa kuwa mkono wa kurushia ulikuwa mzima, mradi asidake tena mipira yangu.

Raundi ya saba ikaanza, nikakaa pale benchi. Tokie akarusha, Misuzu akadaka. Halafu Misuzu akasimama na kumtupia mpira, hivi hivi tu, bila hata kuufikiria. Ukapanda kidogo, ukashuka ndani ya glovu bila kumtikisa. Kitu chepesi namna ile. Nililia kwa wivu mbele ya uwanja mzima, wala sikujificha.