Fahali wa Rangi ya Moshi

Fahali wa kaka yangu hakuwa na rangi ambayo ungeweza kuitaja kwa neno moja. Kichwani alikuwa mweusi kama sufuria iliyozoea kuni. Weusi huo uliteremka shingoni ukipungua, ukawa kijivu, na ulipofika mbavuni ulikuwa umegeuka wekundu wa udongo wa kwetu Khayega baada ya mvua. Hakuna aliyeweza kuweka kidole na kusema, hapa ndipo weusi unapokoma. Chrispinus alimwita Moshi siku ile ile alipozaliwa, akiwa bado amelowa, na jina likamkaa.

Chrispinus mwenyewe aliondoka mwaka wa 1993 na kampuni iliyokuwa ikitengeneza barabara upande wa Lodwar. Alituma picha moja, amevaa kofia ya plastiki, amefinya macho kwa jua. Kisha akanyamaza. Tulikuwa sasa katika mwaka wa tatu wa kimya hicho.

Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kwa hiyo sokoni, kanisani, kisimani, jina la yule asiyekuwepo lilitajwa mbele yangu tangu asubuhi hadi jioni. Mama Chrispinus, mulembe, walimwamkia. Mama Chrispinus, maziwa yako leo? Mimi Bramwel, niliyebaki, niliyekata majani ya ng'ombe na kuliezeka upya jiko lililokuwa likivuja, sikumpa mtu jina. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na mikono ambayo kila dereva wa lori mjini Kakamega aliijua. Sikupenda kuwa wa pili, hata nyuma ya kivuli.

Kazi yangu ilikuwa kupaka malori rangi kwa bunduki kubwa ya kunyunyizia, katika gereji iliyokuwa nyuma ya soko. Lakini Jumapili zilikuwa zangu. Nilichonga mafahali wadogo wa mti, wa kukaa kiganjani, nikawapaka rangi za mafahali walio hai, wale wanaopiganishwa kwetu Jumamosi asubuhi watu wakiimba na kupuliza pembe. Mwenye fahali alipoona sanamu yangu alimtambua ng'ombe wake kabla sijafungua mdomo. Huo ndio ulikuwa ushairi wangu, na sikumruhusu mtu auite mchezo.

Baba mdogo Barnaba aliuita mchezo. Alikuja kwetu Jumapili moja, siku iliyofuata ile ambayo Moshi, aliyeburutwa uwanjani kwa kamba na vijana wa Barnaba, alimgeuzia mgongo fahali wa Shinyalu na kukimbia uwanja mzima, akavunja ua wa shamba la mtu, watoto wakimcheka.

"Mama Chrispinus," alisema, akimega obusuma, ugali wetu, "ng'ombe aliyekimbia hapigani tena. Hapo ua umevunjika, kesho utavunjika mguu wa mtoto. Jumamosi mtu wangu atakuja kumchukua akauzwe."

"Ni wa Chrispinus," mama alisema.

"Chrispinus yuko wapi tumuulize?"

Nilijibu mimi. "Baba mdogo, ungengoja basi umalize kula."

"Nawe mchonga vinyago, lini umemshika huyo Moshi kamba? Anakuogopa au unamwogopa?"

Alisema kweli. Moshi hakumsikia mtu yeyote isipokuwa Chrispinus, na tangu aondoke tulimlisha kwa kumtupia majani juu ya ua.

Barnaba alipoondoka, mama alibaki akikusanya vyombo polepole. "Bramwel, unachonga ng'ombe wa watu wote. Nichongee Moshi."

"Nitamchonga, mama."

"Si kuchonga tu. Awe yeye. Kaka yako akirudi akauliza ng'ombe wake, nitamwonyesha nini?"

"Akirudi," nilisema, na mdomo wangu ulipinda.

"Akirudi," mama alisema, na wake haukupinda.

Umbo halikunishinda. Nilikuwa na kipande cha mti mgumu nilichokuwa nimekihifadhi, na hadi Jumatatu jioni nundu, pembe na ule mkunjo wa ngozi chini ya shingo vilikuwa tayari. Kilichonishinda ni rangi. Brashi ya manyoya, hata ndogo kuliko zote, iliacha mpaka kila mahali nyeusi ilipokutana na kijivu. Fahali wangu alionekana kama aliyeshonwa kwa vitambaa. Nilijaribu bunduki ya gereji, ikamzamisha mara moja, kichwa na mkia. Nilimkwangua hadi mtini, na nilijua ninachokitaka: kile kidude ambacho Risper alikuwa akikitumia studioni.

Risper alikuwa mtengeneza picha. Kwa miaka mingi watu walimpelekea picha zao za nyeusi na nyeupe, naye kwa brashi ya upepo, nyembamba kama kalamu, aliwafuta makovu na kuwalainisha mashavu, bibi harusi akatoka bila chunusi hata moja. Halafu mji ukapata mashine ya picha za rangi, zinazotoka upesi na makovu yake, na watu wakaona inatosha.

"Zimebaki mbili," aliniambia Jumanne, akifungua sanduku la bati. "Hii ina chupa chini. Unabonyeza, inatoa. Mtoto ataiweza. Hii ina kikombe juu na sindano nyembamba. Ukibonyeza kitufe unapata upepo mtupu. Ukikivuta nyuma ndipo rangi inakuja, na kadiri unavyovuta ndivyo inavyozidi. Hii itakutesa."

"Nipe hiyo."

"Kwa sababu ni ngumu?"

"Kwa sababu naiweza."

Alicheka hadi akashika kiuno. "Wewe kijana, chombo hakichaguliwi kwa namna unavyopendeza ukikishika! Unapaka nini?"

Nilimweleza. Nilipofika kwenye shingo ya Moshi, mikono yangu ilianza kuchora hewani yenyewe. Risper aliacha kucheka.

"Basi umepatia, ingawa kwa sababu ya kijinga," alisema. "Rangi yako iwe kama maziwa. Ile ya malori ni uji, itaziba. Anza kwenye gazeti, nukta, kisha mistari, mpaka mkono wako ujifunze kuomba."

"Mimi siombi, dada."

"Utaiomba hiyo."

Sikuja kuomba, ndiyo, nilikuja kubadilishana. Pazia lake la studio, lililochorwa maporomoko ya maji, lilikuwa limepauka hata watu walionekana wamesimama mbele ya mto uliokauka. Niliahidi kulipaka upya, naye akakubali bila kuvutana. Alipoanza kunieleza jinsi ya kuisafisha, nilimkatiza. Nilimwambia nimeosha bunduki za rangi tangu nilipoacha shule. Aliniangalia kidogo, akafunga sanduku lake.

Sikuwa na kompresa ya kusukuma upepo nyumbani wala umeme wa kuiendesha. Nilijaza upepo katika tyubu ya gurudumu la lori pale gereji, nikaifunga nyuma ya baiskeli, nikapanda nayo hadi Khayega kama mtu aliyebeba pete kubwa nyeusi. Usiku huo na kesho yake jioni, brashi ikiwa imeungwa na tyubu kwa mpira mwembamba, nilipiga nukta kwenye magazeti. Zilitoka kubwa, zilitoka na miguu kama buibui. Kisha, bila mimi kujua nilichobadilisha, zikatoka ndogo, laini, zisizo na ukingo. Nilipiga kelele peke yangu. Halafu nikafanya kama tufanyavyo gereji kila siku: niliitumbukiza brashi nzima katika kopo la thina, maji yetu ya kuyeyushia rangi, ilale humo hadi asubuhi.

Alhamisi kitufe hakikubonyea. Mpira mdogo ulio ndani, unaozuia rangi isirudi nyuma, ulikuwa umevimba na kuikaba sindano. Nilipoivuta kwa nguvu, ncha yake ikagonga chuma na kupinda kidogo sana, kiasi kwamba niliihisi kwa ukucha kabla ya kuiona.

Nilirudi studioni nimeinamisha kichwa, jambo ambalo si desturi yangu.

"Uliilaza kwenye thina," Risper alisema kabla sijaketi.

"Ndiyo."

"Kama bunduki ya malori."

"Ndiyo, dada."

"Sema ndiyo ya tatu nikuhurumie."

Alikata kipande cha mpira mwembamba, ule unaovishwa valvu ya baiskeli, akaupachika mahali pa ule uliovimba. Sindano aliilaza juu ya kioo, akawa anaizungusha na kuipitisha polepole kwenye jiwe laini, akiinua mara kwa mara kuitazama kwenye dirisha. Safari hii sikumkatiza. Alinifundisha kupitisha thina kidogo tu kwenye kikombe na kuipuliza hadi itoke safi kila ninapobadili rangi. Alinifundisha kupangusa sindano kuelekea kwenye ncha, kamwe si kinyume, na kuirudisha ndani kama mtu anayeingia chumba alicholala mgonjwa.

"Nilikuwa nikiwafuta watu makovu," alisema, akiwa bado ameinama. "Wakati mwingine mtu anarudi, ananiambia, huyu si mimi tena. Nirudishie kovu langu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote."

Ijumaa niliomba ruhusa gereji. Nilijaza tyubu tena, nikaenda kuketi ndani ya ua wa Moshi, si nje. Nilijiambia ni kwa sababu ya mwanga. Alinipumulia, akapiga kwato mara moja, kisha akaona sina kamba na akaniacha.

Sijawahi kumtazama kiumbe kwa muda mrefu namna ile. Nilianza na wekundu wa mbavu, nikauacha ukauke, nikasafisha brashi, nikaja na kijivu kutoka shingoni, nikivuta kitufe kidogo sana, mkono ukisogea kabla rangi haijatoka na ukiendelea kusogea baada ya rangi kukoma. Tyubu ilipolegea, rangi ilianza kutoka na chembechembe, nami nikaikalia ili ikaze. Moshi alikuwa amezeeka. Niliona mvi kuzunguka macho yake, nikazipaka. Niliona sikio lililopasuliwa na pembe ya mwenzake, nikalipaka. Kila baiskeli ilipopita barabarani aliinua kichwa akaangalia lango hadi sauti ipotee, ndipo anarudi kutafuna. Mwanzoni nilingoja akae sawa. Baadaye niligundua kwamba mimi pia nilikuwa nimeacha kazi na kuangalia lango.

Jumamosi mtu wa Barnaba alifika mapema na fimbo na kamba mpya. Tulitarajia vita. Moshi alitoka taratibu kama ng'ombe wa maziwa, na ndicho kilichouma. Mama hakutoka nje. Nilisimama barabarani hadi ule weusi, ule kijivu na ule wekundu vilipokuwa kitu kimoja kidogo kwenye kona, kisha hakuna kitu.

Nilimpelekea mama sanamu jikoni. Aliichukua kwa mikono miwili, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaigeuza hivi na hivi. Alilipitia kwa kidole lile sikio lililopasuka.

"Ni yeye," alisema. Kifua changu kilijaa. Hakuna mtu katika Kakamega nzima ambaye angeweza kuifanya kazi ile, na nilikuwa karibu kulisema hilo kwa sauti.

"Ni Moshi wa jana," mama aliongeza.

"Jana ndipo nilimpaka."

"Ndiyo. Lakini Chrispinus hakumwacha jana." Aliweka kiganja chake juu ya bega la kushoto la sanamu, kiganja kikaifunika nusu. "Hapa palikuwa na doa. Alitembea naye mkono ukiwa hapa, tangu ndama. Manyoya yalichoka yakapauka. Alipoondoka yakaanza kuota tena, na mwaka jana likafutika lote."

"Mbona hukuniambia mapema, mama?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilidhani unakumbuka."

Nilirudi na sanamu hadi ndani ya ua mtupu. Ng'ombe wa kumwangalia hakuwepo tena, na picha ya Lodwar haikuonyesha mikono. Nilifumba macho. Kwa muda sikuona kitu, isipokuwa hasira yangu ya siku zote, ambayo niliijua vizuri kuliko sura ya kaka yangu. Kisha njia ya kwenda uwanjani ikaja, yenye umande. Chrispinus mbele, fahali kulia kwake, mimi nyuma nikiwa mdogo, nimebeba kamba ambayo hawakuihitaji. Alikuwa akizungumza na ng'ombe, kwa sauti ya chini, maneno ambayo sikuwahi kuyasikia vizuri, na nilikuwa nikiharakisha hatua ili niyasikie. Hapo kwenye bega, kidole gumba kimeinama mbele, vingine vimetawanyika, mkono wake ulikuwa umetulia.

Nilichanganya kijivu na tone la nyeupe, nikakilainisha hadi kikawa kama maziwa. Tyubu ilikuwa imebaki na upepo kidogo. Nilibonyeza, nikangoja, nikavuta kitufe kwa kiasi ambacho sijui kama nitakiweza tena. Doa likaanza kutokea juu ya bega, jepesi, lisilo na ukingo.

Sikumsikia mama akiingia. "Shusha kidogo," alisema nyuma yangu.

Nilishusha.

"Hapo."

Nilitaka kuishia hapo, nikaachia kitufe.

"Bado, mwanangu," mama alisema. "Mkono wake ulikuwa mkubwa kuliko huo."

Nilikandamiza tyubu kwa goti, upepo uliosalia ukapanda, nikaendelea.